Wa Pili Tangu Saa Tatu

Yusrah alirudi Kilosa mwaka 2003 na stashahada ya kompyuta kutoka Dar es Salaam, na kwa miezi minane hakuna aliyejua amtumieje. Babu yake aliletwa Kilosa na kazi ya reli. Baba yake alikuwa karani wa shamba la mkonge mpaka shamba lilipobinafsishwa, mwenye mali mpya akaja na makarani wake mwenyewe. Kwa hiyo pale nyumbani, mtaa wa Magomeni hapo hapo Kilosa, stashahada ilitundikwa ukutani, na mwenye stashahada akawa anakaanga maandazi na mama yake alfajiri, akimaliza anafagia uwanja, akimaliza anakaa.

Aliyemtoa kwenye maandazi ni mzee Lupakisyo. Huyu alikuwa mganga msaidizi serikalini kwa miaka mingi, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, naye badala ya kurudi kwao Tukuyu kulima ndizi akaenda Mikumi, akapanga vyumba viwili kando ya barabara kuu na kuanzisha asasi aliyoiita Wito wa Mama. Wafadhili wakampa Land Cruiser moja ya kubebea wajawazito. Nesi alikuwa Anastazia, mama wa makamo mwenye sauti ya kumtuliza hata mbwa mkali. Dereva alikuwa Ditram, mtu aliyelijua kila korongo la njia ya vumbi kutoka Mikumi kwenda Kilosa. Kilichokosekana ni namna ya watu wa vijijini kuliita gari.

"Simu zipo," mzee Lupakisyo alimwambia Yusrah siku ya kwanza. "Makampuni yanashindana kusimika minara. Hata mchunga ng'ombe ana simu siku hizi. Lakini vocha hana. Unajua wanafanyaje?"

"Wanabipu," Yusrah akajibu.

"Ehe. Sasa nataka kompyuta ipokee bipu zao, halafu iwapigie yenyewe."

Kazi hiyo ilimchukua wiki sita, na zilikuwa wiki za raha kuliko zote alizowahi kuishi. Programu aliyoiandika ilikuwa mzunguko mmoja usiokoma. Inatazama foleni, inachukua namba iliyo mbele, inaipigia, ikipokelewa inamuunganisha mtu na Anastazia, kisha inarudi kutazama foleni tena. Laini ilikuwa moja, kwa hiyo mambo mawili kwa mpigo hayakuwezekana. Ikiwa inampigia mmoja, wengine wote wanangoja. Mwalimu wake wa chuoni alikuwa na msemo kwamba programu ya namna hii usiisifu kwa kasi yake, nenda kamwangalie aliyengoja kuliko wote, huyo ndiye atakayekwambia kama ni nzuri. Yusrah aliuzingatia. Aliyebipu kwanza anapigiwa kwanza. Asipopatikana, namba yake inarudi mkiani ingoje tena. Hapakuwa na mkubwa wala mdogo.

Wakazunguka na Anastazia kutangaza, kijiji cha Ulaya siku ya gulio, Kilangali kwa vibarua wa shamba la mbegu, mpaka Mamboya kule mlimani. Anastazia alieleza dalili za hatari kwa mjamzito. Yusrah alieleza simu.

"Bipu mara moja tu," alisema, amesimama juu ya kreti la soda ili aonekane. "Halafu kaa hapo hapo penye mtandao, usiondoke. Usiwe na hofu kwamba wenye nguvu watakupita. Kompyuta haina shangazi wala mjomba. Ukishabipu, zamu yako ipo."

Watu walicheka kwa lile la shangazi. Na kweli mwaka wa kwanza ulikwenda hivyo. Ditram alikuwa akirudi na matope mpaka kwenye kioo cha mbele, anateremsha mama wa watu hospitalini, anageuza. Vichanga viwili vya kike kule Ulaya viliitwa Anastazia.

Kisha wafadhili wakapunguza msaada wao, gari likaanza kukosa mafuta. Siku mbili kwa wiki, tatu, likawa linashinda limeegeshwa huku namba zinaingia. Mzee Lupakisyo akahangaika huku na huku mpaka akapata hoteli ya kitalii, moja ya zile mpya zilizojengwa pembezoni mwa mbuga, ikakubali kujaza mafuta mwaka mzima. Sharti lao lilikuwa moja. Hoteli ikiita gari kwa ajili ya mgeni au mfanyakazi wake, isipange foleni.

"Namba yao iende mbele," mzee Lupakisyo akasema.

"Mzee, zamu ni zamu," Yusrah akasema. "Nimewaambia watu hivyo kwa mdomo wangu."

"Na mafuta ni mafuta, binti. Hao watu uliowaambia kwa mdomo wako, utawabeba mgongoni?"

Yusrah akarudi kwenye kompyuta. Akaandika mistari minne. Namba ya hoteli ikiingia, inawekwa kichwani mwa foleni. Ikishindikana kupatikana, inarudishwa palepale kichwani, maana mkiani palikuwa pa wengine. Akiwa anaandika alijua kuna kitu kimekosekana. Lazima pawepo kikomo, kwamba ikishindikana mara tatu namba iachie wengine nafasi. Akaandika kwenye karatasi, akaibandika kwa gundi kwenye fremu ya kioo cha kompyuta: *kikomo cha kurudia*. Alikusudia kuifanya kesho yake. Kesho yake umeme ulikatika, keshokutwa akatumwa Morogoro kufuata betri, na hivyo hivyo siku zikala siku.

Mapema Aprili 2005, wiki mbili kabla ya lile lililotokea, foleni ilikwama kwa dakika arobaini. Simu ya hoteli ilikuwa imezimwa baada ya kubipu, na programu ikawa inaipigia, inakosa, inaipigia, inakosa, hali nyuma yake wako watu wanne. Yusrah aliizima, akaiwasha upya, wale wanne wakapigiwa, hakuna aliyedhurika. Akaenda kwa mzee Lupakisyo mlangoni.

"Mzee, ile programu inahitaji marekebisho. Nusu siku tu. Nitaizima asubuhi, mchana itakuwa imerudi."

"Wageni wa wafadhili wanakuja baada ya wiki tatu," mzee Lupakisyo akasema bila kuinua macho. "Kitu kinachofanya kazi usikiguse sasa. Wakiondoka, rekebisha unavyotaka."

Angeweza kubisha, na angeweza kuifanya kimyakimya Jumapili. Alisema "Sawa, mzee," akaenda kunywa chai.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Yusrah alikuwa chumba cha pili akitayarisha majedwali ya kuwaonyesha wageni. Kwenye chumba cha simu Anastazia alikaa na vipokea sauti shingoni, akifuma kofia ya mtoto. Kioo cha kompyuta kilisema *inafanya kazi*, na taa ya modemu ilikuwa ikiwaka na kuzima kama kawaida yake.

Saa tano Anastazia alichungulia mlangoni. "Leo kumetulia ajabu," akasema. "Hata simu moja tangu saa tatu. Labda Mungu ametupa mapumziko."

"Labda ni mvua," Yusrah akasema. "Minara inasumbua."

Saa saba wakala wali na maharage pamoja na Ditram, ambaye alilala kidogo ndani ya gari. Saa nane Anastazia alimaliza kofia, akaanza nyingine. Ilipofika saa tisa kasoro ndipo Yusrah alipoingia kuchukua takwimu za mwezi kwenye kompyuta ile, akafungua kumbukumbu za programu, na jambo la kwanza aliloliona ni namba moja imejipanga kutoka juu ya kioo hadi chini. Akateremsha ukurasa. Namba ile ile. Akateremsha tena. Namba ya hoteli ilikuwa imepigiwa mara mia nne na kumi na mbili.

Baadaye walikuja kujua kwamba hoteli ilinunua mashine ya faksi, fundi akaiunganisha na laini ile ile, na mashine ikawekewa kimakosa namba yao ya Mikumi kama mahali pa kutuma karatasi zake. Iliwabipu wao saa tatu kamili. Kila mara kompyuta ilipoipigia, kulikuwa na mlio wa mashine badala ya mtu, programu ikahesabu kuwa imeshindikana, ikairudisha kichwani. Nyuma yake palikuwa na namba kumi na moja.

"Dada Anastazia," Yusrah akasema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka kwa jirani. "Vaa vipokea sauti."

Akaizima programu, akaitoa namba ya hoteli kwa mkono, akaiwasha. Namba ya mbele ikapigwa. Ilipokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Nipo!" mwanaume alipiga kelele, Yusrah akamsikia mpaka alipokuwa amesimama. "Nipo, sijaondoka, nipo hapa!"

"Pole, baba, tulia," Anastazia akasema. "Niambie uko wapi na mgonjwa ana nini."

Aliitwa Machibya. Alikaa juu ya kichuguu kando ya barabara, karibu na njia panda ya kwenda Kilangali, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Mke wake, Marciana, alikuwa nyumbani mwendo wa dakika ishirini. Uchungu ulimshika jana jioni. Asubuhi mkono wa mtoto ulitokea. Sasa alikuwa anatoka damu na hasemi sana.

Ditram alikuwa ameshawasha gari kabla Anastazia hajavua vipokea sauti. Anastazia akachukua mkoba wake, akaenda naye. Yusrah akabaki na simu. Programu ikawapigia wale kumi waliobaki, mmoja baada ya mwingine, yeye akiandika majina. Wawili walisema mgonjwa ameshajifungua salama. Watatu walisema wamepata usafiri mwingine. Mmoja alimtukana. Wengine hawakupokea.

Kutoka Mikumi mpaka kwenye kichuguu kile, kwa njia ile na mvua ile, kuliwachukua saa mbili kasoro robo. Ditram alisimulia baadaye kwa maneno machache. Walimkuta mwanamke amelazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mume amemfunika kwa turubai na kulishikilia kwa mikono miwili lisipeperuke. Walimpakia. Walipovuka Ulaya Anastazia aligonga kioo cha nyuma na kusema, "Ditram, punguza mwendo." Hapo akajua.

Marciana alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Aliacha watoto wanne, mkubwa wao Devotha wa miaka kumi na mbili. Mtoto wa tano alizikwa naye.

Kesho yake mzee Lupakisyo alisikiliza yote. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na kikombe chake cha chai kilipoa mbele yake kikafanya utando.

"Andika taarifa," hatimaye akasema. "Andika kwamba palikuwa na hitilafu ya mtandao kutokana na hali ya hewa."

"Haikuwa mtandao, mzee."

"Najua haikuwa mtandao!" Akapiga meza kwa kiganja. Kisha akashusha sauti. "Wageni wakisoma kwamba ni programu, wataifunga asasi. Hoteli ikisoma kwamba ni mashine yake, itakata mafuta. Nani atafaidika? Yule aliyekufa?"

Yusrah aliandika ukweli, ukurasa mmoja, akaweka namba na saa. Mzee Lupakisyo aliusoma, akaukunja, akauweka droo ya chini, na taarifa iliyokwenda kwa wageni ilisema hitilafu ya mtandao. Iliandikwa kwa Kiingereza kizuri. Yusrah ndiye aliyeichapa.

Wiki moja baadaye aliomba lifti kwenye lori la mbolea, akateremka kwenye njia panda, akatembea. Ditram alikataa kumpeleka. "Mimi kule sina uso wa kwenda nao," alisema. Kaya ya Machibya ilikuwa na nyumba tatu za udongo zilizoezekwa nyasi, zizi la miba, na maturubai ya msiba yalikuwa yameshafunguliwa ila miti yake bado imesimama. Machibya alikuwa akishona kamba ya ngozi chini ya ghala la mahindi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mabega yameinama. Mama yake, bibi kizee, alikaa kwenye kigoda mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Shikamoo, bibi."

Bibi akaitikia. Machibya akamwonyesha kigoda. Yusrah akatoa pole, akatoa sukari na majani aliyobeba, akasema jina lake. "Ninatoka Mikumi. Kule kwenye simu."

"Nakukumbuka," Machibya akasema. "Ulikuja siku ya mkutano kule shamba la mbegu. Ulipanda juu ya kreti."

"Ndiyo, baba."

"Ulisema zamu ipo."

Yusrah alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakampotea. Akaanza katikati, akarudi mwanzo. Akaeleza foleni, akaeleza hoteli na mafuta, akaeleza ile mistari minne na kwamba aliiandika yeye. Machibya alisikiliza bila kuacha kushona. Bibi kizee alikuwa akimtazama Yusrah mdomoni, maana Kiswahili kilimpita.

"Namba yako iliingia saa tatu na dakika kumi na mbili," Yusrah akamalizia.

"Nilikuwa wa ngapi?"

Hilo hakulitegemea. "Wa pili," akasema.

Sindano ikasimama. "Wa pili tangu saa ngapi?"

"Tangu hiyo saa tatu mpaka saa tisa."

"Na wa kwanza, yeye alikuwa na mgonjwa wa namna gani?"

"Hakukuwa na mgonjwa. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa mashine ya kutuma karatasi kwa simu, imeunganishwa vibaya."

Machibya akaitazama ile ngozi mkononi kana kwamba ameisahau ni ya nini. Alipoanza kusema alisema taratibu, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya Shinyanga, bila kumwangalia.

"Saa nne Fuso la mpunga lilipita. Lilikuwa linakwenda Kilosa. Dereva aliniona juu ya kichuguu na mvua yote ile, akasimama mwenyewe, mimi sikumsimamisha. Akauliza kuna nini. Nikamwambia mke wangu anajifungua vibaya. Akasema, mlete, nakungoja, mbele hapa nafasi ipo. Nikamwambia, ahsante ndugu yangu, tangulia tu, nimeshabipu, niko kwenye zamu. Niliogopa. Nilisema nikiondoka hapa penye mtandao watanipigia wasinipate, zamu apewe mwingine. Dereva akasema haya, Mungu akusaidie. Akaenda." Akaigeuza ile ngozi. "Kila nusu saa nilikuwa namtuma Devotha akamwambie mama yake, vumilia, bado kidogo, foleni inasogea."



"Kwa nini umekuja kuniambia?" Machibya akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli.

"Kwa sababu waliandika kuwa ni mtandao. Kuwa ni mvua. Nikaona si haki usijue."

"Mimi nilikuwa nimeshaamini ni mvua," Machibya akasema. "Mvua mtu anaisamehe."

Bibi kizee akauliza jambo kwa Kisukuma. Machibya akamjibu kwa maneno mawili matatu, na bibi akajifunika uso kwa kanga, akaanza kutikisika bila sauti. Kisha akasema maneno mengi mfululizo, akimwelekea Yusrah. Machibya hakuyatafsiri, na Yusrah hakumwomba atafsiri.

"Nenda kabla hakujanyesha," Machibya akasema, akainuka kumsindikiza mpaka mwisho wa zizi, kwa kuwa mgeni husindikizwa. Hakumwambia karibu tena.

Aliporudi Mikumi, Yusrah aliizima programu saa mbili asubuhi, siku ya kazi, bila kumwomba mtu ruhusa. Aliifuta ile mistari minne. Akaandika kwamba kila mzunguko uanze kwa kuhesabu namba zilizopo, uzipigie hizo tu, kila moja mara moja, na itakayoingia wakati huo ingoje mzunguko unaofuata. Inayoshindikana irudi mkiani, ikishindikana mara tatu iwekwe kando ipigiwe na nesi kwa mkono. Hapakuwa tena na njia ya namba moja kulala mlangoni na kuwazuia wengine. Aliijaribu kwa simu tatu za wafanyakazi, akajaribu kuikwamisha kwa kila hila aliyoijua, haikukwama. Ilikuwa mistari tisa. Saa nne na nusu asubuhi ilikuwa imerudi kazini. Alikaa mbele ya kioo, ile karatasi ya *kikomo cha kurudia* akaibandua na kuitia kwenye taka, na hakusikia nafuu yoyote. Kazi ya saa mbili na nusu.

Mzee Lupakisyo hakujua mpaka hoteli ilipolalamika. Mpishi wao alijikata mkono, wakabipu, wakapigiwa baada ya dakika kumi na nne, kwa kuwa mbele yao walikuwa wanawake wawili. Meneja alikuja mwenyewe na gari lake, akazungumza na mzee Lupakisyo kwa heshima zote mlango ukiwa wazi. Mkataba ni mkataba, alisema. Alipoondoka, mzee Lupakisyo alimwita Yusrah.

"Irudishe kama ilivyokuwa."

"Siirudishi, mzee. Nifukuze."

Mzee Lupakisyo alimwangalia. Alionekana amezeeka tangu Pasaka. "Nikikufukuza nani ataiweka hiyo mistari?" akasema. "Mimi siijui. Na hata ningeijua..." Hakumalizia. Akapunga mkono, Yusrah akatoka. Kwa siku kadhaa alidhani ameshinda.

Mafuta yalikatwa mwisho wa Mei. Ditram aliendesha kwa yaliyobaki kwenye tangi na kwenye dumu mpaka Jumamosi moja, akarudi, akaegesha, akamkabidhi mzee Lupakisyo funguo. Wafadhili waliandika kwamba wanafikiria upya mwelekeo wao. Lakini kodi ya vyumba na laini ya simu vilikuwa vimelipiwa mpaka mwisho wa Juni, na mzee Lupakisyo akataka programu iendelee, ili takwimu za bipu ziwaonyeshe wafadhili kwamba mahitaji bado yapo. Hilo lilikuwa tumaini lake, naye alilishikilia kwa kucha.

Kwa hiyo programu iliendelea. Watu walibipu, nayo ikawapigia kwa haki kabisa, bila kumruka mtu, na Anastazia akawaambia kwamba gari halipo, watafute usafiri mwingine haraka, wasingoje. Yusrah alipima kila jioni. Katika mwezi ule hakuna aliyengoja zaidi ya dakika tano. Kama mwalimu wake wa chuoni angekuja kukagua, angempa alama zote.

Wiki ya kwanza walikuwa wakipiga kumi na tano, kumi na sita kwa siku. Wiki ya pili wakawa saba. Habari vijijini husafiri bila vocha. Anastazia hakufuma tena. Siku moja mama mmoja kutoka Mamboya alimwuliza, "Basi dada, niambie nifanye nini," na Anastazia akamweleza namna ya kumlaza mgonjwa ubavu, namna ya kumfunika, akaeleza na kueleza kwa ile sauti yake mpaka mama yule akasema vocha yenu itaisha, akakata mwenyewe. Kesho yake Anastazia hakuja kazini. Alituma ujumbe kwamba amepata nafasi kwenye zahanati moja ya watu binafsi Morogoro.

Tarehe ishirini na nane Juni Yusrah alikuwa peke yake. Jua lilikuwa kali, malori yalikuwa yakipita barabarani yakielekea Iringa. Saa nne asubuhi bipu moja iliingia, ya kwanza baada ya siku mbili. Programu ikaipigia papo hapo, maana hapakuwa na mwingine. Yusrah akavaa vipokea sauti.

"Haloo," akasema mwanaume. Alikuwa kijana kwa sauti, anahema. "Hapa ni Ulaya. Ni kwa ajili ya dada yangu."

"Pole, kaka. Gari hatuna tena. Tafuta pikipiki au lori, lolote linalopita, msingoje hapo."

Nyuma yake kulisikika jogoo na watu wakisemezana.

"Kwa hiyo mmenipigia kuniambia hakuna?"

"Ndiyo, kaka."

"Haya," yule kijana akasema. Halafu, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaongeza, "Ahsanteni kwa kupiga."

Laini ikakatika. Programu ikatazama foleni, ikakuta tupu, ikatazama tena, ikakuta tupu. Yusrah aliitazama ikifanya hivyo mpaka macho yakaanza kumwasha. Kisha akainama chini ya meza, akachomoa waya wa modemu, akachomoa na wa kompyuta, akazikunja vizuri kila mmoja peke yake na kuzifunga kwa mpira. Mzee Lupakisyo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amemwona tangu anainama, na hakumkataza.